Ngazi ya Kushukia Kisiwani

Kijana mmoja wa kanisa letu hapa Columbus alinishika mkono baada ya ibada, akaniomba niwaandikie ninyi mnaotaka kuingia kazi ya televisheni. Poleni sana. Wazazi wenu walivuka bahari ili muwe wauguzi na wahandisi, na ninyi mnataka kubeba kamera nyuma ya mtu mwenye meno meupe anayemuuliza mama wa watu anajisikiaje nyumba yake ikiungua. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Kaeni basi niwaambie niliyoyaona.

Mimi ni Mkamba wa Machakos niliyekuja kusoma uhandisi. Nilipanga chumba karibu na chuo kikuu, na siku moja wakaja watu wa televisheni kumhoji profesa wetu wa hesabu, wakakosa mtu wa kuwashikia nyaya. Nikazishika. Nadhani profesa bado ananisubiri nirudi darasani. Nimeshika kamera hapa Columbus, kisha Louisville, na mwisho, kabla sijarudi hapa, Buffalo, ambako theluji haianguki, inahamia na mizigo yake. Mkiniuliza nilipiga picha za nini zaidi katika miaka hiyo yote, ningependa kujibu kuwa ni uchaguzi, au mafuriko, au haki za wanyonge. Jibu la kweli ni baa za tiki.

Kwa mliozaliwa juzi, tiki ni hivi. Zamani, baada ya vita vikuu vya pili, Wamarekani waliamua kwamba raha yote ya dunia iko kwenye visiwa vya Pasifiki. Kwa kuwa visiwa hivyo viko mbali, wakajijengea vyao mijini: baa zenye giza, kuta za mianzi, paa la nyasi ndani ya jengo ambalo lina paa lake tayari, vinyago vyenye midomo wazi, vikombe vya udongo vyenye sura za watu waliokasirika, na ramu iliyotiwa maji ya matunda na kufunikwa kwa kamwavuli ka karatasi, nadhani ili isinyeshewe humo kikombeni. Mtindo ukapita, baa zikabomolewa. Wakabaki wakusanyaji, watu wazima wenye mashati ya maua, walionunua kila kilichookolewa na kukipanga upya katika besimenti, yaani vyumba vya chini ya ardhi vya nyumba zao, kando ya mashine ya kufulia.

Televisheni inawapenda watu hao, hasa mwezi wa pili, habari zinapoganda pamoja na mto. Na ripoti ya tiki ni moja tu, mji wowote utakaokwenda. Inaanzia nje kwenye theluji. Mtangazaji anatetemeka kwa makusudi, anasema, "Baridi imewachosha? Nifuateni!" Mlango unafunguliwa, na kwa muujiza mkubwa ameshavaa shada la maua ya plastiki. Gitaa dogo linalia. Mkusanyaji anaulizwa ana vikombe vingapi, halafu anaulizwa mke wake anasemaje, halafu watu wote wanacheka. Mtangazaji anaonja kinywaji kinachowaka moto, anajifanya kichwa kinamzunguka, anarudisha matangazo studio, na bwana wa hali ya hewa anasema hata yeye angependa kimoja. Visiwa hivyo ni vya nani, na wenyewe wanaishije, hilo halijawahi kupata nafasi. Kuna habari za mbwa zinasubiri.

Mara moja tu nilimkuta mtu wa visiwani penyewe katika baa ya namna hiyo, msichana aliyekuwa akisoma chuo kikuu hapa Columbus, ameletwa na marafiki zake. Alitazama lile paa la nyasi kwa adabu zote. Nikamuuliza kama kwao wanaezeka hivi. Akasema kwao wanaezeka bati. Nikamwambia hata kwetu Machakos. Tulicheka mpaka mtangazaji akaja kuuliza kama tunatoka nchi moja.

Mimi nami sikusalimika. Kila mkusanyaji aliyeniona nimesimama karibu na kinyago, mweusi na mrefu, aliniuliza kwa heshima kubwa kama hivi ni vya kwetu. Mwanzoni nilikuwa nafundisha jiografia. Baadaye nilichoka, nikawa najibu kwamba hapana, ila tunafahamiana. Wala sikuwa na haki ya kuwacheka sana. Mjomba wangu alichonga twiga maisha yake yote akiwauzia watalii, na twiga mwenyewe alimjulia kwenye kalenda.

Aliyenifunza kazi ni mzee mmoja mnene aitwaye Dale, aliyekuwa akitafuna vijiti vya meno tangu alipoacha sigara. Shuleni watawafundisha mambo ya lenzi na mwanga kwa maneno marefu. Dale alinifundisha kwa kunipiga kikumbo. "Mtangazaji ataongea hata ukimziba mdomo," aliniambia. "Wewe tafuta mikono." Mtu anaweza kudanganya kwa uso, lakini mwangalie anavyoshika kikombe chake utajua kama anakipenda. Alinifundisha pia kwamba ukizima friji ya watu ili isingurume wakati wa kurekodi, weka funguo za gari lako ndani ya friji hiyo. Hutaondoka bila funguo, na ukizifuata utakumbuka kuiwasha. Haya ni maarifa ambayo hakuna simu yenu itakayowapa, hata iwe na kamera ngapi mgongoni.

Somo lingine la Dale ni giza. Baa ya tiki imejengwa iwe na giza, na giza hilo ni nusu ya samani zake. Ukileta taa kali utaona vumbi, misumari, na kwamba mwamba wa volkano ulio ukutani ni sponji iliyopakwa rangi. Mimi nilimwitikia Dale kwa kichwa na sikumsikiliza, nikahamia Louisville na taa zangu zote.

Huko Louisville kulikuwa na daktari wa meno aliyejenga baa nyumbani kwake nzuri kuliko za mjini. Nyuma ya dirisha moja la uongo alikuwa ameweka mabomba ya kutengeneza mvua, kwa sababu baa za zamani zilikuwa na dhoruba zao za kutengenezwa, ngurumo na yote. Hayo mabomba hakuwa amewahi kuyajaribu. Tulikuwa tunarusha matangazo moja kwa moja, wageni wamejaa, mtangazaji yuko kwenye kinywaji chake cha moto, nami nimeisimamisha taa yangu pazuri kabisa, chini ya nyasi kavu. Nilisikia harufu kabla sijaona moshi. Daktari aliona moshi kabla ya kunisikia, akarukia bomba lake, akafungua dhoruba yote. Haikunyesha dirishani. Ilinyesha juu yetu, juu ya mtangazaji, juu ya nywele zake ambazo zilikuwa na mkataba wao wenyewe. Wageni wakapiga makofi kwa nguvu wakidhani ni sehemu ya burudani. Mkubwa wangu alipopiga simu nilijua nimefukuzwa. Alitaka kujua kama tunaweza kurudia wiki ijayo.

Ndiyo televisheni hiyo mnayoililia. Sasa niwaambie habari ya Walter, kwa sababu bila yeye nisingesumbuka kuandika.

Walter alikuwa mjane wa Buffalo, upande wa Riverside, kwenye nyumba ndogo karibu na mto, amestaafu kiwanda cha vipuri vya magari. Yeye na marehemu mke wake, Dot, walijenga baa ya tiki katika besimenti yao na kuitunza tangu ujana wao. Kisiwani kwenyewe hawakufika hata siku moja. Vinyago vingi Dot alivichonga mwenyewe kwa patasi, kutokana na miti iliyoangushwa na barafu mtaani. Kikubwa kuliko vyote, chenye macho ya kutoka na mdomo kama pango, alikichonga makusudi kifanane na mama mkwe wake. Walter alisema mama yake alikiona akakisifu sana.

Nilipomfahamu, Walter alikuwa hajaiona baa yake tangu apasuliwe nyonga. Ngazi za besimenti zilikuwa nyembamba na za mteremko mkali, na binti yake, Carol, aliyekuwa akiishi Louisville, alikuwa ameamua: nyumba iuzwe, baba ahamie kwenye makao ya wazee karibu naye. Sababu yake ilikuwa moja na haikujibika. Baba hawezi hata kushuka ngazi zake mwenyewe. Basi Walter akapiga simu studio kwetu, akaomba tuje kupiga picha ya baa.

"Carol anaangalia habari zenu kwenye mtandao kila asubuhi, anasema anapenda kujua mji unaendeleaje," alituambia. "Mimi kwenye simu hanisikii. Labda akiniona chini pale, nimekaa kwenye kiti changu, atanisikia."

Mtangazaji wangu wakati huo aliitwa Tiffany. Msimdharau, alikuwa na bidii ya siafu. Mfululizo wake wa wakusanyaji ulikuwa na mpango ulio wazi: tumpate mzee mmoja wa ajabu, alie kidogo, acheke kidogo, tumalizie na gitaa. Alikuwa ameshaandika maneno yote kabla hatujafika. Ninyi mtakuta watangazaji wengi wa namna hiyo, na wanakerwa sana na wanaohojiwa wanapokosea majibu.

Shida ilikuwa ni nani atamshusha Walter. Aliyemtunza alikuwa Mama Neema, Mkongo wa Uvira aliyekuwa akiishi mtaa wa East Side na familia yake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya kazi, na alimhamisha Walter kutoka kitandani hadi kitini, kutoka kitini hadi garini, bila kumwuliza mtu. Lakini besimenti hakushuka. Alikuwa ameufungua mlango ule siku yake ya kwanza kazini akitafuta sabuni, akawasha taa, akakutana uso kwa uso na mama mkwe wa Dot. Tangu siku hiyo nguo za Walter alikuwa akienda kuzifulia kwake.

Mimi alinijua kupitia ndoa ya watu fulani wa kanisani, na siku moja kabla ya kazi alinipigia simu.

"Papa Kioko, bon, sikiya," alisema kwa Kiswahili cha kwao, kilichochanganywa na Kifaransa. "Mi niko mutu ya kanisa. Siwezi shuka fasi iko basanamu bila maombi. Lakini ule muzee iko nalia moyoni, mi naona. Donc, mutoto yangu alinitafsiria, nimesema na yeye: nitakuya na bamama batatu, tuombee ile chumba kwanza. Kisha njo namushusha."

"Na yeye amesemaje?"

"Amesema tuombee na paa, inavuja."

Tulifika asubuhi. Walter alikuwa jikoni, shati la maua limepigwa pasi, nywele zimechanwa kwa maji, mikono juu ya magoti kama mtoto anayesubiri kupelekwa sherehe. Kutoka chini zilikuja sauti za akina mama wakiomba wote kwa pamoja. Mnajua maombi ya Wakongo, hayana kona ya chumba yanayoiruka. Tiffany alichungulia ngazini, nami nikachungulia nyuma yake. Wanawake wanne wenye vitenge walikuwa wakienda kinyago hadi kinyago na chupa ya mafuta ya zeituni iliyoombewa na mchungaji wao, wakipaka kila paji la uso, kila tumbo, kila ulimi uliotoka nje, wakimwamuru yeyote aliyekaa humo atoke kwa jina la Yesu. Walipomfikia mama mkwe walimpaka mara mbili.

Tiffany alinigeukia, macho yanang'aa kama amepata kazi New York. "Hii ni ibada yao?" alininong'oneza. "Wanaabudu tiki? Hawa wanaamini kweli?"

"Wanaamini sana," nikamwambia, "lakini si hicho."

Hakusikia sehemu ya pili. Alikuwa ameshaipanga hadithi yote kichwani: mzee wa kizungu, sanamu za kale, wanawake wa Afrika wanaojua siri. "Umepiga?" akauliza. "Niambie umepiga."

Hapa nisikilizeni vizuri, maana hili ni la ufundi. Kamera ikikaa kwenye baridi ya Buffalo kisha ukaiingiza ghafla kwenye nyumba yenye joto, lenzi inashika ukungu, na huwezi kupiga hata paka. Dawa yake ni kuiacha ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka ipate joto polepole. Ukiwa na haraka na ukiifuta kwa kitambaa, unaupaka ule ukungu vizuri zaidi. Nilimwambia Tiffany lenzi ina ukungu, na ulikuwa ukungu wa haki kabisa. Sikuona tu sababu ya kuukimbiza.

Lenzi ilipokuwa tayari, akina mama walikuwa wamemaliza na wako jikoni wanakunywa chai na Walter, ambaye alikuwa anawaeleza kwa Kiingereza jinsi ya kuchanganya ramu, nao wanamwitikia "amina". Tiffany akanituma kwao. Warudie, alisema, dakika moja tu, mikono juu, na yule mfupi aimbe. Nikatafsiri kama nilivyoambiwa. Mkalimani hana dhambi.

Mama Neema aliweka kikombe chini. "Arudie nini? Maombi haiko repetition. Mungu alisha sikiya." Kisha akanitazama mimi, si Tiffany, na sauti yake ikashuka. "Papa, batu yetu yote banaangalia ile TV. Bakiniona napaka sanamu mafuta, nani atajua nilikuwa nafukuza? Watasema Mama Neema anaabudu muti. Mi nilitoka Uvira na watoto na Biblia, kila kitu ingine ilibaki. Hii jina njo iko mali yangu. Mwambie."

Nilimwambia Tiffany. Alisema inaeleweka kabisa, anaheshimu sana tamaduni, na je, wanaweza kufanya bila sauti?

Nilihisi hasira, na nawaambia wazi, kwa sababu watu hudhani mshika kamera ni kigoda. Nilitazama jikoni pale: mzee mmoja atakayetolewa kwake, na mama mmoja atakayevuliwa jina, na kati yao mwanamke mwenye shada la plastiki shingoni anayesubiri jibu. Nikamwambia tumeshachelewa, studio wanataka picha, tumshushe mzee kwanza halafu tutaona.

Tiffany alitaka Walter ashushwe kamera ikiwa imezimwa, tumkute ameketi. Wazee ngazini wanakula muda, alisema, na mhariri atakata tu. Hilo nalo lina dawa yake, na nilipewa na Dale. Mhariri hukata panapokatika. Ukimpa picha moja ndefu iliyotulia, yenye sauti inayotiririka bila kituo kutoka mwanzo hadi mwisho, hana pa kuingiza mkasi: ama aichukue nzima ama aiache nzima. Nilizima tanuri la kupasha nyumba joto lisivume, nikatundika funguo zangu kwenye swichi yake, nikatangulia chini, nikakaa sakafuni na mgongo wangu kwenye mianzi. Taa za Tiffany niliziacha juu. Kulikuwa na balbu ndogo za rangi alizozifunga Dot, na zilitosha.

Mama Neema alisimama juu ya ngazi akaigeuzia ngazi mgongo. Ndivyo wanavyoshusha watu: anayeshusha anatangulia, anashuka kinyumenyume, amemtazama mgonjwa usoni, amemshika mikono yote miwili. Akianguka, wataanguka wote, na atakayekuwa chini ni yeye. Walter akaweka mguu wa kwanza. Mguu ule ulitetemeka mpaka nikauona kwenye kioo cha kamera. Hapo Mama Neema akaanza kuimba, wimbo wa kujitungia, sauti ya chini, neno moja kwa kila hatua, polepole Papa, mguu moja Papa, Yesu iko chini anatungojea.

"Anasema nini?" Walter akaniuliza kutoka juu, hajaondoa macho usoni pa yule mama.

"Anasema Yesu yuko huku chini anakungoja."

"Muulize ameagiza kinywaji gani."

Nilitafsiri. Mama Neema akacheka katikati ya wimbo, mabega yote yakacheka, lakini mikono haikulegea. Wakaendelea kushuka hivyo, yeye anaimba na kucheka, mzee analaumu nyonga yake kwa maneno yasiyorushwa hewani, mpaka viatu vya Walter vikagusa sakafu.

Hakwenda kwenye kiti chake. Alikwenda kwa mama mkwe, akamwekea kiganja kwenye shavu, akakitazama kiganja chake. Kilikuwa kinang'aa.

"Mbona kimelowa?"

Nilimweleza kuwa ni mafuta ya maombi. Akanusa kiganja. Nilifikiri ameudhika, lakini akasema, "Dot alikuwa anazipaka sanamu hizi mafuta kila mwaka baridi ikianza. Tanuri linakausha mbao. Alinisihi nikumbuke akiondoka. Sikuzipaka." Akapitisha kidole kwenye ufa mrefu uliokuwa umeanza kwenye jicho la kinyago na kushuka hadi kidevuni. "Zimekuwa zikipasuka peke yao huku chini. Nilikuwa nazisikia nikiwa kitandani."

Mama Neema alitaka kujua amesema nini. Nikamwambia. Alisimama akamtazama yule mama mkwe, yule yule aliyemkimbiza na nguo chafu miezi kadhaa, kisha akasema, "Kumbe iko muti tu. Muti ya bibi yake." Akammiminia Walter mafuta mkononi, yeye akachukua kona ya kitenge chake, wakaanza kupaka pamoja, mzee upande wa kulia, yeye upande wa kushoto. Wala hakuna aliyewaomba.

Tiffany aliacha wamalize kinyago kizima. Kwake huo ulikuwa ni ustahimilivu wa Ayubu. Kisha akasema, "Walter, ni nzuri mno. Unaweza kurudia ile ya Dot, ila safari hii ukitazama huku?"

"Hapana," alisema Walter.

Ripoti ikarushwa. Ilianzia kwenye theluji, mtangazaji akatetemeka, gitaa likalia; msitegemee miujiza. Lakini katikati, mkasi ulipokosa pa kuingia, wakalazimika kuiacha ngazi nzima, na mji wote ukamsikia mama wa Uvira akimwimbia mzee wa Riverside hadi chini. Chini ya picha waliandika kwamba ni mtunzaji wake akimsaidia, na ndivyo ilivyokuwa. Jumapili ile, alinisimulia, mchungaji alimwita mbele akamshukuru kwa huruma yake. Watazamaji wetu nao waliguswa. Walipiga simu siku nzima kuuliza yale mafuta ni ya aina gani, na kama yanafaa kwa meza za kulia.

Carol hakupiga simu. Alikuja. Aliendesha gari kutoka Louisville kwenye barafu, akaingia jikoni na koti lake, akamwambia Mama Neema, "Nionyeshe unavyofanya." Wakafanya mazoezi, Carol akishuka kinyumenyume huku Mama Neema akijifanya ni Walter na kulalamikia nyonga, na Walter akikosoa kutoka mezani. Bango la kuuza nyumba likaondolewa uani. Mzee alibaki kwake, na kila alipotaka alishushwa kisiwani, akaketi kwenye kiti chake na kikombe chenye sura ya hasira.

Alifariki majira ya joto yaliyofuata, kitandani kwake, dirisha liko wazi upande wa mto. Baada ya mazishi tulirudi nyumbani, majirani, watu wa kiwandani, akina mama wa East Side na vitenge vyao vya msiba. Carol akasema twende wote chini, baba angependa, akafungua mlango wa besimenti. Watu wakasimama, kila mmoja akimpisha mwenzake. Mama Neema akapita katikati yetu. Alisimama juu ya ngazi, akaigeuzia mgongo, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele, ambako hapakuwa na mtu, akaanza kushuka polepole, mguu mmoja na mguu mwingine. Hakuna aliyemwambia ageuke. Tulisubiri mpaka akafika.

Tiffany, ambaye sasa ni mtu mkubwa katika mji mkubwa, alisikia habari hiyo kwa watu, akanipigia kuuliza kama niliipiga. Kamera ilikuwa nami begani, na betri yake imejaa. Nilimwambia lenzi ilishika ukungu. Ilikuwa mwezi wa saba, katikati ya joto.